Hamsini kwa Namba ya Wekesa

Mlinifanyia sherehe nzuri ya kustaafu. Mkanipa saa ya ukutani na blanketi, na mkubwa wetu akasoma hotuba iliyonitaja mara mbili kwa jina la mtu mwingine. Sina kinyongo. Lakini niliposimama niseme neno mlinikatiza kwa makofi, kwa sababu pilau ilikuwa imefika, na lile neno nimerudi nalo nyumbani Riruta. Sasa nina wakati wa kuliandika. Sitasema habari za vyeo, maana sikupanda sana, na mshahara wangu mnaujua, kwa kuwa mlikuwa mkiukopa kila tarehe ishirini.

Miaka yangu ya mwanzo chuoni niliimalizia masijala, nikifungua na kufunga mafaili. Huko hakuna la kusimulia isipokuwa vumbi. Nilihamishiwa ofisi ya karo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati masomo ya kujilipia yalipokuwa yamepamba moto na foleni ya wazazi ikashuka ngazi mpaka nje kwenye barabara. Walitaka mtu mvumilivu. Masijala walinitoa kwa furaha, na mpaka leo sijui kama sababu ilikuwa uvumilivu wangu au mdomo wangu.

Siku ya kwanza nilikuta dirisha la kioo lenye tundu lililotobolewa chini mno, hata mzazi alilazimika kuinama ndipo asikike. Ndani kulikuwa na masanduku ya mbao yaliyojaa kadi za leja, kila mwanafunzi na kadi yake, muhuri, kidau cha wino, na Mzee Opiyo. Mzee Opiyo ndiye aliyekuwa karani mkuu wa dirisha. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukata mkate, na mfukoni mwa shati aliweka kalamu ya risasi fupi isiyoisha. Alinipa kifuniko cha mpira cha kuvaa kidoleni wakati wa kupekua slipu za benki, akaniambia, "Hii usiazime mtu. Utaazima hata mume lakini si hii."

Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshakosea. Mama mmoja alikuja kuuliza salio la mwanawe. Nikatoa kadi, nikasoma ile hesabu kwa sauti safi, kama msomaji wa taarifa ya habari. Yule mama aliegemea ukuta, akateleza polepole mpaka akaketi sakafuni na mkoba wake mapajani. Mzee Opiyo akatoka kwa mlango wa kando, akamwinua, akamleta ndani na kumpa kiti chake mwenyewe. Yule mama alipoondoka, Mzee akanigeukia.

"Mama Njoki, usimsomee mtu balance akiwa amesimama."

"Sikujua, Mzee."

"Sasa umejua. Kiti hiki si changu, ni cha wazazi. Mimi huwa nakikalia tu."

Hicho ndicho kiti mnachowekea birika la chai. Naomba mkirudishe mahali pake.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa la nyuma ya karatasi. Karatasi ya karo mnaijua: masomo, mtihani, maktaba, kitambulisho, amana ya vitu vitakavyovunjika, na jumla chini yake. Imepigwa chapa upande mmoja tu. Mzazi akishaketi, Mzee Opiyo aliigeuza ile karatasi, akatoa ile kalamu ya risasi na kuanza kuandika yale ambayo chuo hakikuandika. Kodi ya chumba cha kushiriki na wenzake wawili kule Kawangware. Kutoa kopi za nukuu za masomo, kwa sababu vitabu vya maktaba ni vitatu na wanafunzi ni mia mbili. Chakula. Nauli. Viatu, maana watoto wa chuo hutembea sana wakizibana hela. Mtihani wa kurudia, endapo. Hapo kwenye "endapo" wazazi wote hucheka kidogo, kisha wanaacha kucheka. Chini kabisa aliweka jumla ya pili, akaipigia mstari mmoja, akasema, "Mbele ni ya chuo. Hii ya nyuma ndiyo yako. Lipia hii."

Wapo waliotuambia tunawatisha wateja. Mzee Opiyo alijibu kwamba yeye hana wateja, ana wazazi.

Wale maskini kabisa sikuwaona sana pale dirishani, na Mungu anajua walikosa kufika kwa sababu gani. Matajiri nao walituma dereva na slipu moja iliyomaliza kila kitu. Waliojaa kwenye ile ngazi walikuwa watu wa katikati: walimu, wauguzi, makarani, polisi, wenye duka moja au nyumba tatu za kupangisha. Bodi ya mikopo inatazama hati yao ya mshahara na kusema wanajiweza. Kamati ya basari, ile ya misaada ya karo, inawaona wamevaa tai na kusema vivyo hivyo. Ada yenyewe haina habari ya tai. Kwa hiyo mtu anakuja na slipu saba za karo moja: yake, ya mke, ya shemeji, ya chama cha akina mama, ya mchango wa kanisani, ya ushirika uliomkopesha, na nyingine ya mjomba ambaye aliweka kidogo ila ameandika jina lake kwa herufi kubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa wa katikati. Njoki wangu nilimsomesha kwa slipu kama hizo, na nilijipigia muhuri mwenyewe bila kujionea huruma.

Katika watu hao wa katikati alikuwepo Mwalimu Makokha, na ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Mwalimu alifundisha shule ya msingi karibu na Dagoretti Corner. Mkewe alikuwa muuguzi katika zahanati moja upande wa Jamhuri. Mtoto wao wa kwanza, Wekesa, alikosa nafasi ya serikali kwa pointi moja, akaingia kwa masomo ya kujilipia. Pointi moja, na bei ikapanda mara nyingi. Mwalimu aliketi kwenye kile kiti, akapewa jumla ya nyuma, akaitazama kwa muda, akaikunja na kuitia kwenye bahasha ya kaki. Kisha Mzee Opiyo akamwambia ashike namba ya usajili ya kijana wake kwa kichwa, kwa sababu slipu yenye namba mbovu ni pesa iliyopotea.

"Mimi ni mwalimu," akasema. "Namba nikiishika haitoki."

Akaishika kweli. Kwa miaka miwili na zaidi alilipa kila muhula bila kukosea hata tarakimu. Alikuwa akipita dirishani na kuitamka kwa mbwembwe, kama mtoto wa darasa la tatu anayesema jedwali la saba, nami nikawa nimeishika pia. Nilimpenda yule mwalimu kwa vile alivyojivunia mwanawe. Wekesa mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kusalimia mpaka mfagiaji.

Kisha Nafula, binti yao, akamaliza sekondari, naye akakosa nafasi ya serikali kwa kidogo tu. Akapata barua ya kujilipia kama kaka yake. Wakaja wote wanne siku moja. Mwalimu na mkewe wakaketi, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye sanduku la kadi, na watoto wakasimama mlangoni. Mzee Opiyo akageuza karatasi mbili. Akaandika upande wa nyuma wa kila moja, akazijumlisha pamoja. Akausogeza mbele yao ule ukurasa wenye jumla.

Mama Wekesa ndiye aliyezungumza kwanza. "Kwa kamati ya basari walituambia, mwalimu na nesi, nyinyi mnataka nini hapa?"

"Tutaona," akasema Mwalimu. "Kuna kile kipande cha shamba nyumbani. Tutaona."

Nilimwona Wekesa akiisoma ile karatasi kutoka mlangoni, juu ya bega la mama yake. Alikuwa mrefu, aliweza.

Haikupita wiki mbili akaja peke yake dirishani. Foleni ilikuwa imeshika ngazi nzima na mimi nilikuwa sijanywa chai.

"Habari ya asubuhi, Mama. Mtu akitaka kudefer mwaka mmoja, ni how much?"

"Kuahirisha? Ni bure," nikamwambia, tena kwa furaha. Katika ofisi ile nzima ndicho kitu pekee kilichokuwa cha bure, na nilipenda kukitaja.

"Bure kabisa?"

"Kabisa. Jaza fomu hii."

Akajaza hapo hapo, ameegemeza karatasi kwenye kioo. Fomu ile ina mistari miwili ya sahihi. Mmoja ni wa mwanafunzi, wa pili ni wa mzazi au mlezi kwa wale wanaolipiwa. Wa pili ulikuwa mtupu. Niliuona. Nikatazama foleni, nikaona mtu wa nyuma yake anapiga kioo kwa ufunguo, nikasema moyoni huyu ni mtoto mzuri, wamekubaliana nyumbani. Nikagonga muhuri. Akasema asante, Mama, na akashuka ngazi akiwapisha watu.

Mwalimu alipata habari baadaye, kijana akiwa ameshafika Lokichogio kupakua mizigo ya mashirika ya misaada. Aliacha barua mezani: Nafula asome kwanza, yeye atafanya kazi mwaka mmoja, atatuma hela, kisha atarudi. Akatuma mara tatu. Akapiga simu mara mbili kwenye simu ya jirani. Kisha akaandika kwamba amepata kazi nzuri zaidi ng'ambo ya mpaka, upande wa Sudan. Baada ya hapo kukawa kimya. Mwalimu alikwenda mpaka kule Lokichogio wakati wa likizo ya Agosti, akaonyesha picha, akarudi. Hayo yote mimi sikuyajua wakati huo. Nilichoona ni kwamba Mwalimu haji tena kutamka namba dirishani. Nikadhani amechoka tu.

Mwaka uliofuata, Ijumaa moja, Nafula akaja kuchukua kadi ya mtihani. Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu. Nikatoa kadi yake ya leja. Muhula wa kwanza ulikuwa umelipwa, slipu alizijaza mwenyewe. Muhula wa pili haukuwa na hata senti.

"Haiwezekani," akasema. "Baba amelipa. Ameuza shamba, Mama. Amelipa yote."

Nikamwambia aende akamlete baba, na aje na karatasi zote. Bila kadi ya mtihani angerudia mwaka mzima, na mwaka mzima ulikuwa na jumla yake ya mbele na ya nyuma, na shamba lilikuwa limeshauzwa. Akakimbia bila kuaga.

Walifika saa tisa na nusu, ofisi ikifungwa saa kumi na moja. Mwalimu alikuwa na chaki kwenye mkono wa koti. Nikamwingiza ndani kwa mlango wa kando, nikamketisha. Akafungua ile bahasha ya kaki, akatoa slipu sita, zote zenye muhuri wa benki, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Nikavaa kifuniko cha kidole, nikaanza kuzisoma. Nilipofika ya pili nikavua kifuniko.

"Mwalimu, nitajie namba ya Nafula."

Akaitamka bila kusita, tarakimu zote, kwa sauti ile ile ya zamani.

"Hiyo ni ya nani, Mwalimu?"

Nafula alikuwa amesimama mlangoni, akajiziba uso kwa mikono. Mwalimu akazitazama zile slipu, moja baada ya nyingine, kama daftari la mwanafunzi aliyemwamini. Mara sita alikuwa amepanga foleni benki na pesa za shamba, na mara sita mkono wake ulikuwa umeandika namba ya Wekesa.

"Nilikuwa naiandika tu," akasema. "Inakuja yenyewe."

Nikaenda kwenye sanduku la walioahirisha, nikaitoa kadi ya Wekesa. Pesa zote zilikuwa hapo, zimeingizwa na mimi mwenyewe kwa wino wangu, kwenye akaunti ya kijana asiyekuwepo. Sikuwa nimejiuliza. Slipu ikiwa na namba, unaingiza.

Kuzihamisha kulikuwa na sharti lake. Pesa haitoki kwenye akaunti ya mwanafunzi mmoja kwenda kwa mwingine mpaka mwenye akaunti atie sahihi.

"Aje kutoka wapi?" Mwalimu akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alinitazama kama anayedhani labda mimi ninajua.

Mzee Opiyo, ambaye alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, akasema lete faili la kijana, tuone kuna nini. Nikalileta. Ukurasa wa juu kabisa ulikuwa ile fomu ya kuahirisha. Nilitaka kuigeuza haraka, lakini Mwalimu alikuwa ameshaiona. Akaivuta kwake. Akaweka kidole kwenye sahihi ya mwanawe, akakiacha hapo kidogo, kisha kidole kikashuka mpaka kwenye mstari wa mzazi au mlezi, ule mtupu, na muhuri wangu kando yake.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ningekataa."

Nimefanya kazi miaka mingi na nimetukanwa kwa lugha zote za nchi hii. Hakuna tusi lililoniingia kama yale maneno, na hayakuwa tusi. Nikamwambia, "Nisamehe, Mwalimu. Niliona. Nikagonga muhuri hivyo hivyo." Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuyafuta.

Mwalimu akalifunga faili. "Mama Njoki, andika hiyo transfer. Mtihani ni Jumatatu."

Mzee Opiyo ndiye aliyepata njia. Zile slipu zilikuwa na jina la mlipaji, na mlipaji alikuwa ameketi mbele yetu akiwa hai. Akazichukua zote sita, akapanda ghorofani kwa mhasibu mkuu, na hatujui alimwambia nini, lakini alishuka saa kumi na nusu na sahihi. Nikaanza kujaza fomu ya uhamisho. Nilipofika kwenye kiasi, Mwalimu akanishika mkono.

"Ikibaki sifuri, inakuwaje?"

Nikamwambia ukweli. Akaunti ya aliyeahirisha ikiwa sifuri na mwaka ukapita bila malipo, inafungwa, na jina linatoka kwenye orodha. Ikiwa na pesa, hata kidogo, na kila mwaka kukaingia kitu, haifungwi. Wakaguzi hawataki tufunge pesa ya mtu.

"Basi bakisha hamsini," akasema. "Asije akakuta mlango umefungwa."

Nikabakisha hamsini. Sasa Nafula akawa amepungukiwa hamsini, na ofisi ile haikutoa kadi ya mtihani kwa upungufu hata wa sumni. Mzee Opiyo akatia mkono mfukoni, nyuma ya ile kalamu ya risasi, akatoa noti na kuiweka mezani. "Ya msichana ni yangu," akasema. Kadi ya mtihani ikatoka saa kumi na moja kasoro dakika tano. Nafula aliipokea kwa mikono miwili.

Alifaulu. Siku ya kufuzu alipita dirishani na joho lake, akanionyesha, akaondoka upesi kwa sababu baba yake alikuwa amebaki chini kwenye ngazi na hakutaka kupanda. Nilimwelewa. Lakini kila Januari slipu ya Mwalimu ilinifikia: shilingi hamsini, namba ya Wekesa, mwandiko wa ubaoni. Nauli ya kwenda benki na kurudi ilikuwa zaidi ya hiyo hamsini. Nilikuwa naiingiza kabla ya slipu nyingine zote, na siku hiyo sikunywa chai mpaka nimeiingiza. Kompyuta zilipokuja tukahamisha kadi zote, na wakaniambia akaunti ndogo ndogo nizifute kurahisisha. Ile moja sikuifuta; niliiingiza kwenye kompyuta mwenyewe kwa vidole viwili, tarakimu kwa tarakimu.

Miaka miwili iliyopita mwandiko ukabadilika. Ulikuwa wa Nafula. Niliambiwa miguu ya Mwalimu haimpeleki tena mjini.

Ningetamani nirudishiwe ile asubuhi moja. Sitaki nyingine. Foleni iwe ndefu hivyo hivyo, na yule mtu apige kioo kwa ufunguo wake. Kijana anaponiuliza kudefer ni how much, nimwambie zunguka mlango wa kando, mwanangu, njoo uketi. Niigeuze fomu nimwandikie nyuma yake. Sijui ningeandika nini, lakini ningeandika kitu. Namtafuta mpaka leo, mkitaka kujua. Nikiwa Dagoretti Corner nanunua mboga, nikaona mtu mrefu anawapisha watu, nasimama.

Mtaniona mzee anayelialia. Sawa. Lakini nasikia mnaleta mfumo mpya na mtasafisha akaunti za zamani, na ndiyo sababu nimeandika haya yote badala ya kuwaombea baraka.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya ile pilau, nilitoka nikaenda benki. Nilipanga foleni kama mzazi, nikajaza slipu kwa kusimama, nikalipa hamsini. Itawafikia. Jina la mlipaji ni langu, na namba ni ya kijana aliyeahirisha zamani, ambaye hamumjui. Msinipigie simu kuniambia nimekosea namba.